Mfasiri Asiyeujua Mti

Wako wasemao kwamba kufasiri elimu ya mimea kutoka Kireno kwenda Kiingereza ni kazi nyepesi. Hoja yao ni kuwa lugha zote mbili zimekopa Kilatini. Basi 'pecíolo' ya Mreno ndiyo 'petiole' ya Mwingereza, yaani kikonyo cha jani, na mambo yamekwisha. Mimi nasema la. Maneno ya Kilatini hayana taabu. Taabu imo katika maneno ya nyumbani.

Litazameni neno 'casca'. Mreno hulitumia kwa gome la mti, kwa ganda la chungwa na hata kwa ganda la yai. Mwingereza ana 'bark' kwa mti, 'peel' kwa chungwa na 'shell' kwa yai. Tukija kwenye nazi ndipo mambo yanapochacha, maana 'casca' yaweza kuwa kumbi, yaweza kuwa kifuu. Mfasiri mwenye haraka akiandika 'shell' mahali pa 'husk', atakuwa amewaambia Waingereza kwamba watu wa pwani husokota kamba kwa vifuu! Mtoto mdogo wa Lamu atacheka. Yeye ajua kuwa kamba hutoka katika kumbi, na kifuu ni cha kufanyia upawa.

Kuna na mwiba. Sisi twasema mwiba, basi. Wataalamu wa Kireno hutenga 'acúleo' na 'espinho'. Wa kwanza ni kama ule wa mwaridi, uotao juu ya ngozi ya mti na kubanduka ukisukumwa kwa kidole. Mwingereza auita 'prickle'. 'Espinho' umeshikana na mti kwa ndani, lakini Mwingereza huugawa mara mbili: ule wa mlimau, ambao ni tawi lililogeuka, ni 'thorn', ule wa mpungate, ambao ni jani lililogeuka, ni 'spine'. Kamusi haitakwambia ni upi. Sharti uujue mti wenyewe.

Ndugu wasomaji, msidhani huu ni ubishi wa wasomi tu. Kitabu cha Kireno kikitaja 'casca' ya mkomamanga bila kueleza, je, ni gome au ni ganda la tunda? Tangu zamani ganda la komamanga limetumiwa kuzuia tumbo la kuendesha. Gome, hasa la mzizi, lilitumiwa kufukuza tegu, na kipimo kikizidi humdhuru mtu. Hapo kosa la neno moja laweza kumwingia mgonjwa mwilini.

Wala kazi hii si ya jana. Tabibu Garcia de Orta alichapisha kitabu chake cha dawa kule Goa, kwa Kireno, mwaka 1563. Mwingereza Clements Markham alikifasiri mwaka 1913, baada ya miaka 350. Mti huota upya kila mwaka, lakini mtunzi aliyekufa haulizwi alikusudia nini.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mfasiri na aufunge kitabu kwanza, aende shambani kwa mkwezi. Nasi tuyatunze maneno yetu, gome na ganda, kumbi na kifuu, tusiyaite yote 'maganda' kwa uvivu. Akija wa kuuliza, atukute bado twajua kujibu.