Jino ni Shahidi, Tusilidharau

Baadhi ya wenzetu wa kidato cha nne husema kwamba kuchora magego katika somo la elimu ya viumbe ni kupoteza wakati, kwa kuwa siku hizi wataalamu hupima protini. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nautoa Amerika ya Kusini.

Bara hilo lilizungukwa na bahari kwa mamilioni ya miaka. Humo walitokea wanyama wenye kwato wa namna ya peke yao, nao wote wametoweka. Mwaka 1833, katika nchi ya Uruguay, Charles Darwin alinunua fuvu la mmoja wao kwa peni 18. Watoto walikuwa wameling'oa baadhi ya meno kwa kulipiga mawe. Kwa bahati njema, jino moja alilolipata kando ya mto Tercero, umbali wa maili 180 hivi, lilienea barabara katika tundu la fuvu lile. Mwaka 1837 Richard Owen alimpa mnyama huyo jina la Toxodon, yaani jino la upinde.

Ni kweli kwamba meno yaweza kumpoteza mtu. Florentino Ameghino wa Argentina alimwita mnyama mmoja Archaeohyrax, pimbi wa kale, na mwingine Notohippus, farasi wa kusini. Mwaka 1903 Santiago Roth alitazama mifupa ya sehemu ya sikio, akawakusanya wengi wa wanyama hao katika kundi moja, Notoungulata. Leo Toxodon, "pimbi" yule na "farasi" yule wote huhesabiwa humo. Sababu ya kufanana ni chakula: wanyama wasio ndugu wakila majani magumu yenye vumbi na mchanga, vizazi kwa vizazi meno yao huwa marefu na kufanana.

Mwaka 2015 protini iliyotolewa katika mifupa ya Toxodon na Macrauchenia ilionyesha kwamba jamaa zao wa karibu walio hai ni farasi, tapiri na kifaru. Hapo wenzangu hushangilia. Lakini mifupa ile si ya kale sana. Wengine katika wanyama hao waliishi miaka milioni 30, 40 na zaidi iliyopita; mifupa yao imegeuka mawe, na wengi hawakuacha ila taya na meno. Pasipo mtu wa kuchunguza matuta ya gego na kupima urefu wake, wasingepata hata majina.

Kwa maoni yangu, hakimu mwema huita mashahidi wote: jino, sikio, mguu, na protini inapopatikana. Basi na tujifunze kumhoji vizuri shahidi jino, maana katika kesi nyingi za zamani ni yeye peke yake aliyefika barazani.