Funzo la China: Tiba Asili Iliyokubali Kupimwa Ndiyo Iliyookoa Maisha

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA ifikapo tarehe 31 Agosti, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, na kila mwaka swali lile lile hurejea: je, dawa za asili zinaweza kutibu maradhi makubwa? Wanaoamini kuwa zinaweza huitaja China kama kielelezo, nao wana haki ya kuitaja. Hata hivyo, historia ya China ina fundisho ambalo mara nyingi husahaulika. Dawa zake za asili zilizoaminiwa na dunia hazikuaminiwa kwa ukongwe wake, bali kwa kuwa zilipimwa zikathibitika.

Tarehe 23 Mei 1967 Serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukapewa jina la Mradi 523 kutokana na tarehe hiyo. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeanza kuwa sugu kwa klorokwini, na ugonjwa huo uliwaelemea askari wa Vietnam Kaskazini, mshirika wa China vitani. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou wa Beijing alikabidhiwa jukumu la kuchunguza dawa za asili. Kikundi chake kilikusanya maelekezo zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga wazoefu, kisha kikaanza kuzijaribu dawa hizo kwa panya.

Mmea wa qinghao, ambao wanasayansi huuita Artemisia annua, ulionesha matumaini lakini matokeo yake yaliyumba. Ndipo Tu aliporudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, kinachoelekeza mmea huo ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe na maji yake yanywewe. Kuchemsha hakukutajwa. Tu alihisi kuwa huenda joto ndilo liliharibu dawa, hivyo akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Oktoba 1971 dawa iliyopatikana iliangamiza vimelea vyote katika panya wa maabara. Mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, Tu na wenzake waliimeza wao wenyewe ili kujiridhisha na usalama wake. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana artemisinini, na mwaka 2015 Tu alikuwa miongoni mwa watafiti watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Ushahidi haukuishia China. Artesuneti, dawa ya sindano itokanayo na artemisinini, ililinganishwa na kwinini kwa watoto 5,425 waliougua malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionesha kuwa waliofariki ni asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Maana yake, katika kila watoto 1,000, watoto 24 zaidi walinusurika. Aidha, dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania Bara iliichagua mwaka 2006 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, ina kiambata cha jamii hiyo hiyo.

Mfano wa pili unahusu saratani ya damu. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Harbin, kaskazini mashariki mwa China, walichunguza dawa ya kienyeji iliyokuwa na arseniki, zebaki na sumu ya chura. Walipotenganisha viambata hivyo, walibaini kuwa arseniki ndiyo iliyofanya kazi. Leo arseniki hutumika hospitalini kutibu aina moja ya saratani hiyo, lukemia kali ya promielositi, kwa kipimo maalumu na chini ya uangalizi wa karibu wa moyo wa mgonjwa. Ni sumu ile ile. Kilichoifanya dawa ni kipimo na uangalizi.

Upo pia upande wa pili. Mapema miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, na mmea huo ulikuwa na asidi ya aristolokia. Kuwa cha asili hakukukifanya kidonge kile kuwa salama.

Kwa mwananchi, suala hili si la vitabuni. Wapo wanaokunywa chai ya artemisia wakiamini kuwa ni sawa na dawa mseto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa haliungi mkono matumizi ya mmea huo kwa namna yoyote kukinga au kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye chai hakitabiriki na kipimo pungufu kinaweza kuchochea usugu. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi sasa, kwani dalili za usugu kwa artemisinini zimekwisha kubainika Rwanda, Uganda na hapa nchini, mkoani Kagera.

Tanzania inayo misingi ya kufuata njia ya upimaji. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na Taasisi ya Tiba Asili iliyopo Muhimbili hufanya utafiti wa mimea tiba. Mganga mwenye dawa anayoiamini hana sababu ya kuogopa maabara. Naye mgonjwa wa malaria, saratani au kisukari asiache dawa alizoandikiwa hospitali kwa ahadi ya tiba ambayo bado haijapimwa, bali amweleze daktari wake kila mitishamba anayotumia.