Cheti Kabla ya Barua

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi nchini kwetu huanza kazi kwa barua. Barua hutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kwetu haitoki mbali, maana makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea sasa yako Lundusi, hapa hapa Peramiho. Anayeipokea, jana alikuwa anasahihisha madaftari ya hisabati ya darasa la tano. Leo anakabidhiwa mhuri, funguo za stoo, vitabu vya fedha, rejista ya uandikishaji na daftari la mali ambalo mara nyingi halilingani na kilichomo stoo. Makabidhiano huchukua asubuhi moja. Mchana anatakiwa awe kiongozi.

Tunachodai katika toleo hili ni kwamba mpangilio huo umepinduka. Mafunzo ya uongozi na cheti chake vitangulie, barua ije baadaye. Nasema mafunzo ya kweli, ya ngazi ya juu ya ualimu: mwalimu ana stashahada au shahada yake, amefundisha miaka ya kutosha, kisha anarudi kujifunza kazi ya pili. Kuongoza shule ni kazi ya pili. Tumezoea kuitoa kama zawadi kwa aliyeifanya vizuri ile ya kwanza.

Peramiho hoja hii ingepaswa kueleweka upesi kuliko kwingine. Mji huu umekuzwa na mafunzo. Wabenediktini walifika mwaka 1898, misheni yao ikachomwa katika Vita vya Majimaji, wakajenga upya, na karakana zao zimetoa mafundi ambao kazi yao inajulikana mkoa mzima. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani katika Hospitali ya Mtakatifu Yosefu amesoma, amefanya mazoezi wodini chini ya macho ya waliomtangulia, amefanya mtihani, na amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Dereva wa basi linalopita kuelekea Mbinga ana leseni ya daraja lake. Kati ya watu wote tunaowakabidhi watoto wetu, anayeongoza shule ya watoto mia saba ndiye ambaye tunaridhika kusikia tu kwamba ni mwalimu mzuri.

Na kwa kweli mara nyingi ni mwalimu mzuri. Lakini tazama kinachomsubiri ofisini. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na fungu la shule linaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20, na usimamizi wa kila siku uliangukia mabega ya walimu wakuu na wakuu wa shule. Fosi akaunti, yaani shule kujijengea yenyewe bila mkandarasi, ilimgeuza mwalimu wa Kiswahili kuwa mnunuzi wa saruji na nondo, msimamizi wa mafundi na mtunza stakabadhi, huku vipindi vyake vikiendelea. Alifundishwa lini? Akibahatika, alipata semina ya siku mbili tatu. Kisha mkaguzi wa hesabu anafika, anaomba muhtasari wa kamati ya manunuzi na hati ya mapokezi ya vifaa. Wapo waliovuliwa madaraka bila kula hata senti moja, kwa kukosa karatasi ambayo hawakujua kuwa inatakiwa.

Fedha, hata hivyo, ndiyo sehemu iliyo rahisi kufundisha. Sehemu ngumu ni ile inayohusu watoto. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Yaani sheria imeuweka mwili wa mtoto chini ya saini ya mtu mmoja. Ukiingia shuleni ukaona kila mwalimu wa zamu ana fimbo yake, ujue saini hiyo haijawahi kuandikwa, na aliyepaswa kuiandika pengine hajawahi kukaa na mtu akamweleza kwa nini kanuni ipo. Vivyo hivyo Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, uliofungua mlango kwa wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito. Msichana aliyemwacha mtoto kwa bibi yake akavaa tena sare hapokelewi na waraka. Anapokelewa na mtu aliye ofisini siku hiyo: atakavyomsalimu, darasa atakalomweka, atakachowaambia walimu kabla hajaingia, atakavyowajibu wazazi wanaonung'unika mkutanoni. Haya hayajulikani kwa kukaa miaka mingi ubaoni. Yanafundishika, lakini yafundishwe.

Tulifikaje hapa? Kwa haraka ya upanuzi, ambayo ilikuwa haraka njema. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Watu wanakumbuka shule za kata kwa uhaba wa walimu wa sayansi na maabara tupu. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka mitano zilihitajika pia saini mpya za wakuu wa shule zaidi ya 2,800. Zilipatikana, kwa sababu barua huandikwa siku moja. Wengi wa walioteuliwa walijifunza kazi juu ya migongo ya wanafunzi wa kwanza wa shule hizo, na nasema hivi nikiwaheshimu sana, maana walibeba mzigo ambao hakuna aliyewaonyesha namna ya kuubeba.

Si kwamba hatuna pa kufundishia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Elimu ya Msingi kwa Wote ilipokuwa imejaza madarasa, palikuwa na chuo cha MANTEP kule Bagamoyo, ambayo mwaka 2001 ikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Inatoa stashahada ya uongozi na utawala wa elimu na kozi fupi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, na Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Songea, kinamwezesha mwalimu kusoma uzamili wa utawala, mipango na sera za elimu bila kuacha kazi. Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ni mlango wa lazima wa kupita ili ukae kwenye kile kiti. Anayekwenda, mara nyingi anakwenda akiwa ameshateuliwa. Na kutoka Peramiho hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 1,000; tawi la Mbeya ni jirani zaidi, nalo bado ni safari ya kulala. Mama mwenye watoto wadogo na shamba la mahindi la kupalilia Januari hawezi kuifunga safari hiyo kirahisi.

Hapa ndipo lazima tujihadhari na karatasi. Uingereza ilianzisha sifa ya kitaifa ya wakuu wa shule mwaka 1997, mwaka 2009 ikaifanya ya lazima kwa mkuu mpya, na mwaka 2012 ikauondoa ulazima huo. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi hudai uzamili na leseni, mtaalamu wa elimu Arthur Levine alitoa ripoti kali mwaka 2005 akionyesha kwamba programu nyingi za vyuo vikuu zilikuwa zinauza shahada kwa walimu waliotaka kupanda mshahara, wala hawakuwa na nia ya kuongoza shule. Wasomaji wetu wanaufahamu ugonjwa huo. Huhitaji kuvuka bahari kuuona. Tasnifu ya kurasa mia moja kuhusu nadharia za uongozi haimfundishi mtu kupanga ratiba ya shule yenye mikondo kumi na minne na walimu tisa.

Singapore ilifanya jambo jingine. Inawatoa makamu wakuu wa shule kazini kwa miezi kadhaa, wakilipwa mishahara yao, wasome huku wakiwa wameshikizwa katika shule hai. Hatuna fedha za Singapore, lakini wazo la kushikizwa ni letu tangu zamani: hata seremala wa karakana za hapa alipewa mbao baada ya kumtazama mkubwa wake kwa muda mrefu. Cheti tunachokidai kipatikane zaidi shuleni kuliko ukumbini. Mwalimu akae mwaka mmoja pembeni ya mwalimu mkuu anayejulikana kwa kazi yake. Aongoze mkutano wa kamati ya shule mwenyewe. Afunge hesabu za robo mwaka kwenye mfumo wa hesabu wa FFARS. Akae nyuma ya darasa la pili, aone kwa nini watoto hawasomi, kisha azungumze na mwalimu wao bila kumvunja moyo wala kumficha ukweli. Wadhibiti ubora wa shule wamtazame akifanya, si akisimulia. Na kwa walimu wakuu wa msingi yote yafanyike kwa Kiswahili, kwa sababu shule wanazoziongoza zinaendeshwa kwa Kiswahili.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Kwetu mwalimu hawezi kusema wazi kwamba anataka kuwa mwalimu mkuu. Akisema, ataambiwa ana tamaa, anamchimba aliyepo, anaitaka ile posho ya madaraka. Kwa hiyo wenye nia njema hunyamaza, na wenye nia nyingine hupita njia za jioni: kwa mratibu, kwa ndugu wa diwani, kwa rafiki wa ofisa. Tunalalamikia uteuzi wa kujuana, na huku tumefunga njia pekee ambayo mtu mwaminifu angeweza kuipitia mchana. Kozi iliyo wazi, inayotangazwa, yenye fomu ya maombi na vigezo vilivyobandikwa ukutani, inampa mwalimu ruhusa ya heshima ya kutaka. Naamini wanawake ndio watakaofaidika kwanza. Wengi wao ndio wanaoendesha shule kimyakimya wakiwa walimu wa taaluma, na hawatakwenda kubisha hodi usiku kwa mtu yeyote ili wateuliwe.

Najua pingamizi litakalokuja: shule za pembezoni zitakosa wakuu kabisa. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni muda na utambuzi. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, huwatambua mafundi waliojifunza kazi bila kupita chuoni, kwa kuwapima na kuwapa cheti. Walimu wakuu walioko kazini nao wapimwe kwa shule zao zilivyo, wasirudishwe darasani kusomeshwa wanayoyajua. Chombo kipo: Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018 ili kusajili walimu na kuwapa leseni, na hakuna kinachotuzuia kudai ngazi ya uongozi ndani ya leseni hiyo. Fedha nazo si hadithi ya mbali. Tangu 2016 serikali inamlipa mwalimu mkuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mkuu wa shule ya sekondari 250,000. Ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka kwa mwalimu mkuu mmoja, na ni stahili yake. Taifa linalolipia madaraka kila mwezi linaweza kulipia maandalizi yake mara moja.

Tungependa halmashauri ya hapa ianze bila kungoja. Iwatangazie walimu wa wilaya nzima nafasi chache za mwaka wa kushikizwa, ichague walezi kutoka miongoni mwa walimu wakuu wenye rekodi, na iwaombe ADEM waje Peramiho badala ya kuwaita walimu Bagamoyo. Kumbi na mabweni yapo. Swali litakalobaki ni nani atafundisha vipindi vya hao wanaojifunza, na hilo tunawarudishia wadhibiti ubora na wazazi wa kamati za shule, ambao makala zao zinafuata.