Msimbo wa makumbusho useme Kiswahili

Makumbusho mengi duniani yamebandika kando ya kasha la kioo kile kiraba chenye madoa meusi na meupe, msimbo wa QR. Mgeni anatoa simu, anaelekeza kamera, maelezo yanafunguka. Kwetu kiraba hicho si kigeni. Kipo dukani na kwenye kibanda cha chipsi, watu wanalipia kwa simu. Hakuna haja ya kumfundisha mtu kuskani. Swali letu ni moja: akishaskani, anakutana na lugha gani?

Mfano mzuri tunao tangu mwaka 2011, katika makumbusho ya mji wa Derby, Uingereza. Roger Bamkin na Terence Eden walibuni mfumo walioupa jina QRpedia. Kibandiko ni kimoja tu. Mgeni akiskani, mfumo unatazama simu yake imewekwa lugha gani, kisha unamfungulia makala ya Wikipedia ya lugha hiyohiyo. Mfaransa na Mpolandi wanaweza kusimama mbele ya mchoro mmoja wa Joseph Wright, mzaliwa wa mji huo, kila mtu akasoma kwa lugha ya kwao. Makala zilipopungua, wahariri wa kujitolea wa nchi mbalimbali walikaa wakaziandika.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Chukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, linalotunzwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la tano aliyeshuka kwenye basi la shule ana maswali tele juu ya fuvu hilo: huyu alikula nini, mbona meno yake makubwa hivi, walijuaje umri wake? Msimbo ukimfungulia ukurasa wa Kiingereza cha wataalamu, atairudisha simu kwa mwalimu na kuondoka na maswali yake yote.

Tunasema hivyohivyo kwa Berlin. Mifupa ya dinosau mkubwa anayesimama katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Waliochimba na kuibeba vichwani hadi pwani ni mamia ya watu wa kusini mwa Tanzania, na miongoni mwa wasimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mjukuu wa watu hao akifika pale na simu yake ya Kiswahili, ana haki ya kuisoma habari hiyo kwa Kiswahili, na jina la Boheti liwemo.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo fedha zinapopotelea. Msimbo wenyewe hauna gharama. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kampuni hiyo ikaamua kutowadai watumiaji haki zake. Lakini zipo huduma za intaneti zinazokutengenezea msimbo unaopitia kwanza kwenye anwani yao, ndipo umfikishe mgeni kwako. Ada ikikatika, vibandiko vyote ukutani vinakufa siku moja. Makumbusho yaandike ndani ya msimbo anwani yake yenyewe, na awepo mtumishi wa kuvipitia vyote kila mwezi akiwa na simu mkononi. Akague pia kama hakuna aliyebandika msimbo wake juu ya ule halali. Matapeli wa malipo wanaijua sana njia hiyo.

Ukurasa wenyewe uwe mwepesi. Video ndefu zinakula bando, na mgeni aliyekwisha kulipa nauli na kiingilio asitozwe mara ya tatu. Waifai ya bure mlangoni ingesaidia. Maelezo yaliyochapwa ukutani yabaki palepale, kwa kuwa mwenye kiswaswadu naye ni mgeni kamili. Na tungependa sana iwepo sauti, dakika mbili tu, ya mtu anayekijua kitu chenyewe: fundi wa jahazi akieleza alivyoziba nyufa kwa pamba na mafuta, bibi akieleza kinu kile kilivyotwangiwa. Asiyejua kusoma ataelewa, na asiyeona pia.

Kibandiko kikae kimo anachokifikia mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu, mahali ambapo taa haing'ai juu ya kioo, na kando kidogo ili anayeskani asiwazibe wenzake.

Wahifadhi wetu waanze na vitu kumi tu, vile ambavyo wageni huviulizia kila siku. Kwanza alipwe mwandishi mzuri wa Kiswahili, halafu mchapaji wa vibandiko. Vitu hivyo vikipita mwaka mzima, maandishi na sauti vikifanya kazi bila msimbo hata mmoja kufa, ndipo waguse kasha la kumi na moja.