Mwandishi Hagombaniwi, Husomwa

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mara intaneti ikajaa ubishi: huyu alimwita Mtanzania, yule Mzanzibari, wa tatu Mwingereza. Hoja za pasi zilikuwa tele. Hoja za vitabu zilikuwa haba.

Sikatai kwamba suala la uraia ni zito. Lina mahali pake, bungeni na mahakamani. Lakini amgombaniaye mwandishi asiyemsoma afanana na agombeaye shamba asilolilima: ataka mavuno, jembe hakushika.

Yasemwa kuwa kizuizi kilikuwa lugha, maana riwaya zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Udhuru huo ulipungua nguvu mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya mwaka 1994, ilipotoka kwa jina la Peponi. Yusuf, mtoto aliyetolewa na babake kwa tajiri kuwa rehani ya deni, sasa husimuliwa kwa lugha ya pwani yake. Je, waliopaza sauti kwa ajili ya tuzo walipaza sauti kwa ajili ya tafsiri?

Siku hizi kitabu hutajwa kama kanzu ya Idi ivaliwavyo, ili ionekane. Mapenzi ya kitabu hayathibitishwi kwa picha ya jalada. Huthibitishwa na msomaji awezaye kukisifu kwa sababu na kukikosoa kwa ushahidi.

Basi, msomaji, kabla hujauliza Gurnah ni wa nani, uliza Yusuf alikuwa wa nani, na kwa deni la nani.