STAA ANAPIGA HELA, MAMA WA KASINGIRIMA ANAUZA DAGAA ANUNUE MAFUTA YA SAMAKI!

Kuna msanii mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni, siku hizi haposti muvi tena. Anaposti chupa. Amekaa kwenye kochi jeupe, mwanaye yuko pembeni anachora, katulia kama maji ya mtungini, na chini yake maelezo kibao: eti mtoto alikuwa hatulii, walimu wanalalamika kila siku, akaanzishiwa virutubisho, ndani ya wiki 3 akawa wa kwanza darasani. Halafu namba ya simu. Halafu "mikoani tunatuma".

Na mikoani wanatuma kweli. Chupa mojawapo imefika Kasingirima, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa mama mmoja, naye jina linahifadhiwa, ambaye kazi yake ni kuchukua dagaa mwaloni Kibirizi, kuanika na kuuza kwa sado. Mwanaye wa kiume yuko darasa la 3. Hakai. Akiandika mstari mmoja, wa pili anachungulia dirishani. Anasahau daftari, anasahau sweta, akitumwa chumvi anarudi na mpira. Shuleni kuchapwa imekuwa kama ratiba. Mtaani wanamwita mtukutu, wengine wanasema kachezewa, bibi yake anasema tu kwamba baba wa mtoto naye alikuwa hivyohivyo.

Chupa moja ni 85,000. Wakala akasema dozi kamili ni chupa 3. Piga hesabu: 255,000. Mama akauza mzigo wake wa dagaa kwa bei ya kutupa, akaongezea hela ya mchezo aliyopokea zamu yake, akalipa. Na ndani ya chupa kuna nini? Mafuta ya samaki!

Yaani mtu anaishi kando ya Ziwa Tanganyika, mikono inanuka dagaa asubuhi hadi usiku, anauza samaki ili anunue mafuta ya samaki ya kwenye plastiki. Dagaa na migebuka wana mafuta ya jamii hiyohiyo ya omega-3, na juu yake wana protini na madini ambayo chupa haina. Mtoto wa muuza dagaa anakwenda shule na chai kavu kwa sababu dagaa wameuzwa kulipia chupa.

Sasa ukweli usemwe bila kupepesa macho. Omega-3 siyo sumu wala siyo utapeli mtupu, wataalamu wameipima. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliunganisha majaribio 10 yenye watoto 699 wenye ADHD, ambalo ndilo jina la kitabibu la tatizo la mtoto kukosa utulivu na umakini kupita kawaida. Wakakuta inasaidia kidogo, tena kidogo kuliko dawa za hospitali. Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi mkubwa zaidi wa Cochrane, majaribio 37 na washiriki zaidi ya 2,300. Kwa dalili ambazo wazazi wenyewe wanaziona nyumbani, watoto waliopewa mafuta hayo hawakuwa tofauti na waliopewa vidonge visivyo na kitu ndani. Hiyo habari ya wiki 3 na namba moja darasani haimo popote.

Wakala atakwambia "hata kama haisaidii haina madhara, ni ya asili". Asili! Muhogo mchungu nao ni wa asili, na mama yeyote wa Kigoma anajua ukiula bila kuuloweka utakiona. Vidonge vya madini ya chuma vinamsaidia mtoto aliyepungukiwa damu, lakini mtoto mdogo akivimeza vingi kwa mkupuo vinaweza kumuua. Vitamini A ikizidi nayo inadhuru ini. Ndo maana mtoto anapimwa kwanza, halafu ndo anapewa. Huyu wa Kasingirima hakupimwa hata kidole.

Na hapo ndipo ubaya wa biashara hii ulipo. Mtoto kutotulia darasani kuna sababu nyingi, na chupa inazifunika zote. Mwingine sikio linatoka usaha, hamsikii mwalimu. Mwingine haoni ubao. Mwingine ana minyoo na damu imepungua, anasinzia. Mwingine malaria zinampiga mfululizo. Mwingine analala saa 6 usiku kwa sababu ya kibanda cha video. Mwingine nyumbani wanatumia chumvi isiyotiwa madini joto, na upungufu wa madini hayo unadumaza akili. Mkoa wenyewe una chumvi ya Uvinza, kazi ni kusoma pakiti kama imetiwa madini joto au la, bei yake haifiki hata robo ya kifuniko cha hiyo chupa.

Na mwingine ana ADHD kweli. Siyo utukutu wala siyo majini. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana zaidi ya sehemu moja, nyumbani na shuleni pia. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo bibi aliyesema "baba yake alikuwa hivyohivyo" alikuwa karibu na ukweli kuliko staa mwenye wafuasi wote wale. Kwa watoto chini ya miaka 6, kinachoshauriwa kwanza ni kumfundisha mzazi namna ya kumlea mtoto wa aina hiyo. Wakubwa wanasaidiwa nyumbani na shuleni, na daktari akiona inafaa anaongeza dawa. Vitu vyenyewe ni vya kawaida: akae mstari wa mbele, apewe maelekezo moja moja, kazi ifupishwe, asifiwe palepale anapomaliza. Fimbo haijawahi kumwongezea mtu umakini, inamwongezea woga tu.

Sasa sikia hii. Watu wa karibu na yule staa wanapasha kwamba mwanaye kweli kabadilika, ila kabla ya chupa alihamishiwa shule ya kulipia yenye watoto wachache darasani, akapelekwa kwa mtaalamu, na jioni ana mwalimu wake wa nyumbani. Hayo hayapo kwenye posti. Kilichopo ni chupa, maana kwenye chupa ndo kuna kamisheni.

Mashabiki wake watasema "mwacheni dada wa watu atafute riziki". Atafute! Auze wigi, auze madera, auze udi. Ukiuziwa wigi bovu umepoteza wigi. Huyu mama amepoteza mtaji, na mtoto amepoteza muhula mzima ambao angekuwa ameshapimwa. Chupa ya 3 ilipoisha na daftari bado tupu, wakala alisema nini? Eti mama aliruka siku, aanze upya. Na mtaani wakasema "huyo hata dawa imemshindwa". Mtoto anasikia hayo. Ni yeye aliyekuwa anameza kila asubuhi akiamini kesho atakuwa kama wenzake.

Kingine, geuza chupa usome. Bidhaa nyingi za aina hii zimeandikwa kwa herufi za kisirisiri kwamba hazikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Kwenye kibandiko haitibu, kwenye Instagram inatibu mpaka usonji! Tangu mwaka 2019 TFDA ilipobadilika kuwa TMDA, mambo ya dawa yako TMDA na mambo ya chakula yako TBS. Kwa hiyo kabla hujatuma hela muulize wakala swali moja tu: hii imesajiliwa wapi, kama dawa au kama chakula? Akianza kukuita "dia" badala ya kujibu, kata simu.

Mama mwenye mtoto wa hivyo, anzia kituo cha afya. Apimwe masikio, macho, damu na minyoo, na ikibidi uombe rufaa kwenda Maweni. Ongea na mwalimu wake, siyo siku ya kuitwa tu. Na wale dagaa, kabla hujawapima kwa sado, toa kwanza kikombe kimoja kwa ajili ya sufuria lako.

Na wewe staa, watu wanakupenda, ndo maana wanakuamini. Posti basi na ile shule, mtaalamu na mwalimu wa jioni, watu wajue kilichomsaidia mwanao.

Haya mdau, mwanao akiwa hatulii darasani wewe ulianzia wapi: kituo cha afya, shuleni au kwa wakala? Tupia komenti yako hapo chini, matusi hapana.