Si kila aliyesoma sheria lazima avae joho

BARAZA LA JUMAPILI
Na Mwajuma Kitundu

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi tunaiita Shule ya Sheria, yaliitikisa nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu walikuwa 26. Wengine 265 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 342 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe itafute kiini cha tatizo. Mjadala ulipamba moto. Waliolaumu mitihani walikuwapo, waliolaumu vyuo vikuu walikuwapo, na waliolaumu Kiingereza cha wanafunzi pia. Sikusikia wengi wakiuliza wale 342 wataamkia wapi.

Leo nawazungumzia hao, pamoja na wenzao waliofaulu wakaapishwa, ambao sasa wamekaa ofisini na wateja hawaji.

Kikwazo cha kwanza cha mwanasheria anayetafuta kazi kipo nyumbani kwao. Kijana akichaguliwa kusoma sheria, ukoo mzima humwita wakili tangu mwaka wa kwanza. Baba anamtambulisha hivyo msikitini, mama anamtaja hivyo kwenye kikoba. Akija kupata kazi ya uafisa mikopo mkoani, anaona haya kuitaja. Anabaki mjini kwa shangazi yake akisubiri msimu mwingine wa mitihani, huku nafasi zikichukuliwa na wenzake waliosoma biashara. Nimeona vijana wenye akili safi wakinyong'onyea kwa aibu hii. Wazazi wenzangu, mtoto huyo hajashindwa. Ana ujuzi unaohitajika mahali pengi, na ni sisi tuliomfungia njia kwa cheo tulichompa kabla hajakipata.

Mahali hapo ni wapi? Nianze na pale ambapo naona mlango mpana kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Inamgusa kila anayekusanya na kutumia taarifa za watu: hospitali yenye mafaili ya wagonjwa, shule yenye picha za watoto, kampuni ya simu, hoteli inayonakili pasipoti za wageni, mkopeshaji wa mtandaoni anayetaka orodha ya namba zote zilizo kwenye simu yako. Hawa wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa anayesimamia jambo hilo. Sasa fikiria kazi yenyewe ya huyo afisa. Anasoma fomu ya hospitali na kuuliza kwa nini inadai kabila la mgonjwa. Anakagua mkataba na kampuni inayotunza kumbukumbu za hospitali nje ya nchi. Anawafundisha manesi kwamba cheti cha vipimo hakitumwi kwenye kundi la WhatsApp. Kazi hiyo haidai joho. Inadai mtu anayeweza kusoma kifungu, akakielewa, kisha akamweleza asiyekisoma. Shahada ya sheria humfundisha mtu hilo kwa miaka.

Vivyo hivyo kwenye idara za rasilimali watu. Tangu sheria za kazi za mwaka 2004, mwajiri anayemfukuza mtu bila kufuata utaratibu anaweza kujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hushindwa hata kama mfanyakazi alikosa kweli, kwa sababu hakumwandikia tuhuma wala kumpa nafasi ya kujitetea. Kampuni yenye mtu anayejua utaratibu huo humaliza jambo ofisini, na mfanyakazi naye husikilizwa. Benki nazo zinahitaji watu wa kusimamia ufuataji wa kanuni. Sina haja ya kutaja kazi zote.

Liko eneo jingine ambalo linanigusa zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wanasheria wetu wamefundishwa kwa Kiingereza na wengi hawawezi kuandika hoja ya kurasa tatu kwa Kiswahili fasaha bila kubabaika. Anayeweza ana kitu adimu. Mikataba ya wafanyakazi, masharti ya bima, miongozo ya vyama vya ushirika, vyote vinasubiri mtu wa kuviandika kwa lugha ambayo anayetia saini anaielewa. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuna pia Mahakama ya Afrika Mashariki. Kijana wa sheria anayekipenda Kiswahili asione kwamba tafsiri ni kazi ya kupitishia muda.

Lakini kazi hizi hazipatikani kwa wasifu ule ule uliotumwa kwa makampuni ya mawakili. Nimesoma nyingi za vijana wanaoniomba niwapitishie jicho, na karibu zote zinaanza na shahada, zinafuata orodha ya masomo, zinamalizia na wadhamini watatu. Mkurugenzi wa kampuni ya malori hajui somo la falsafa ya sheria litamsaidia nini Tunduma. Mwambie ulichofanya. Ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo ulikaa na mjane mwenye mgogoro wa kiwanja, ukamsikiliza mpaka mwisho, ukapanga nyaraka zake kwa tarehe, ukaandika maelezo ambayo wakili alikwenda nayo barazani. Hiyo ni kazi, iandike. Na ukiulizwa kwenye usaili kwa nini hukuendelea na uwakili, usijitetee wala usiinamishe kichwa. Eleza kwa nini umekuja pale.

Kwa wanaoomba serikalini, soma tangazo la Sekretarieti ya Ajira hadi kwenye sifa, usiishie kwenye jina la cheo. Wengi husaka neno "sheria" juu ya tangazo, wasipoliona wanapita, kumbe chini nafasi ya utawala inakubali shahada yao.

Tahadhari moja ni nzito. Asiyesajiliwa kuwa wakili asijifanye wakili. Kuandaa mikataba na hati za kisheria kwa malipo bila sifa ni kosa, na wanaoumia ni watu wanyonge wanaouziwa viwanja kwa karatasi zisizo na nguvu. Njaa haihalalishi hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa wasaidizi wa kisheria. Anayetaka kuwahudumia watu apite huko, asajiliwe.

Kwa mawakili wa miaka kumi na zaidi ambao roho imechoka, nawaambia kwa heshima, wasomi wangu, kuondoka si kufutwa. Jenerali Ulimwengu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sehemu kubwa ya maisha yake akaitoa kwa uandishi wa habari. Gazeti la Rai, alilolianzisha na wenzake, liliwafundisha wengi wetu kuihoji serikali kwa hoja zilizopangwa. Sidhani kama yupo anayeona kwamba elimu yake ilipotea. Ila msihame kwa hasira. Malizeni mafaili ya wateja au yakabidhini kwa wenzenu, rudisheni fedha zao mlizoshika kwa dhamana, ndipo mfunge ofisi.

Vyuo vikuu navyo vina la kujibu. Vinatangaza nafasi za shahada ya sheria kila dirisha la udahili linapofunguliwa, na kwenye matangazo hayo hutaona wahitimu waliotangulia wako wapi. Tume ya Vyuo Vikuu ivitake vitangaze, chuo kwa chuo, wahitimu wa sheria wa miaka mitano iliyopita: wangapi ni mawakili, wangapi wameajiriwa kwingine na katika kazi gani, wangapi bado wanatafuta. Mzazi wa Kyela anayeuza mpunga wa msimu mzima ili alipe ada anastahili kuiona hesabu hiyo kabla hajafika benki.